Uso Wenye Jina: Historia Fupi ya Kukaa Mbele ya Kamera

Ukiingia nyumba nyingi hapa Nakivale, ukutani utakuta kalenda, labda picha ya Yesu au ya Kaaba, na saa ambayo betri yake iliisha zamani. Foto ya familia ni adimu. Albamu zilibaki Uvira, Bunia, Bujumbura, au ziliungua pamoja na nyumba. Mama akitaka kumwonyesha mtoto wake sura ya babu, hana cha kuonyesha, anabaki kueleza kwa mdomo tu: alikuwa mrefu, alikuwa na pengo hapa mbele. Foto ambayo karibu kila mtu anayo ni ile ndogo ya usajili. Aliipigwa akiwa amechoka na safari, macho mekundu, hajapata hata maji ya kunawa.

Halafu ziko foto zingine ambazo tulipigwa na hatujaziona mpaka leo. Mgeni anashuka kwenye gari, anampiga mama aliye kwenye foleni ya maji, anampiga mtoto mwenye kamasi, anapanda gari, anakwenda. Ile foto inaishi mahali fulani. Sisi hatujui ni wapi, wala chini yake pameandikwa nini.

Mimi ni mfanyakazi wa vijana. Kikundi chetu kina kamera moja ya zamani na simu za wanachama, na kazi tuliyojipa ni kupiga foto za familia na kuwapa wenyewe. Swali ambalo vijana wananiuliza kila mara ni hili: yaya, kwa nini watu wanakakamaa? Mtu tunapiga naye stori vizuri, anacheka, ukiinua kamera tu anakuwa kama mti. Wengine wanajijibu haraka: wazee ni washamba, wanaogopa kamera itachukua roho.

Jibu hilo mimi silikubali. Kukakamaa kuna historia, na ukiifuata utaona kwamba watu wengi walikuwa na sababu nzuri ya kuogopa. Utaona pia kwamba wako wapiga picha, tena Waafrika, waliojua namna ya kumfanya mtu akae akiwa huru. Wote walifanya jambo lilelile: walimwachia anayepigwa sehemu ya mamlaka. Hilo ndilo nataka kuonyesha.

Chuma nyuma ya shingo

Kamera ilitangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839. Mtambo wa Louis Daguerre ulitoa picha moja tu, juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Mwanzoni mtu alipaswa kukaa bila kutikisika kwa dakika kadhaa, mahali penye mwanga mkali. Ukigeuza kichwa kidogo, uso unatoka kama moshi. Hata mitambo ilipoboreshwa, bado ilikuwa ni sekunde nyingi za kukaa kama sanamu. Kwa hiyo studio zikaweka stendi ya chuma nyuma ya kiti, yenye vidole viwili vya kubana kisogo cha mteja ili asitikisike. Hebu wewe jaribu kutabasamu sekunde thelathini huku umebanwa shingo, tuone kama litabaki tabasamu.

Basi ule uso mkali tunaouona kwenye picha za kale za Wazungu haumaanishi kwamba watu wa wakati ule hawakuwa na furaha. Sehemu ni desturi ya picha za kuchora, ambazo mtu mwenye heshima hakuonyesha meno. Sehemu nyingine ni chuma. Mashine ndiyo ilimbana mtu.

Lakini hata zama zile wapo waliojua kuutumia uso wao. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa huko Maryland, Marekani, na mwaka 1838 alitoroka akakimbilia kaskazini. Naweza kusema alikuwa mkimbizi kama sisi. Baadaye akawa msemaji mkubwa wa kupinga utumwa, na hakuna Mmarekani wa karne ya 19 aliyepigwa picha mara nyingi kuliko yeye: zinajulikana kama 160. Karibu zote hacheki. Magazeti na maigizo ya wakati ule yaliwachora watu weusi kama wajinga wanaochekacheka na kufurahia utumwa wao. Douglass alikaa mbele ya kamera akiwa na suti, nywele zimechanwa, macho makali. Pozi lile alilichagua mwenyewe.

Vijana wenzangu, tukumbuke hilo tunapomwambia mzee "cheka kidogo basi." Huenda mzee ana sababu yake ya kutocheka.

Nsala wa Wala

Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ya Kodak, nyepesi, yenye filamu ndani, ambayo hata asiye fundi aliweza kuitumia. Kamera sasa ikatoka studio, ikapanda meli, ikafika kwetu. Hapo usumbufu ukabadilika sura. Zamani aliyebana mtu ni mashine, sasa ni yule aliyeishika.

Kwenye Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, watu walilazimishwa kuleta mpira wa porini, na wasipofikisha kipimo walipigwa, walifungwa, waliuawa. Mei 1904, kwenye misheni ya Baringa, mwanamume mmoja aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika akiwa amebeba kifurushi cha majani. Ndani yake kulikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka kama mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alikuwa na kamera. Alimwomba Nsala akae kwenye baraza, vile viungo vikawekwa mbele yake, akampiga picha.

Foto hiyo ilifanya kazi kubwa. Ilionyeshwa pamoja na nyingine kwenye mikutano Uingereza na Marekani, kwa taa za kuangaza picha ukutani, na watu wakalia na kukasirika. Kelele zile zilikuwa sehemu ya nguvu iliyomfanya Leopold aachie Kongo mwaka 1908, ikaenda chini ya serikali ya Ubelgiji. Kwa hiyo siwezi kusema foto ile ilikuwa mbaya. Bila kamera, Leopold angeendelea kukana.

Lakini itazame tena. Nsala amekaa upande, amewageuzia ubavu watu watakaomwangalia. Macho yake yako kwa mtoto wake. Siku mbaya kuliko zote za maisha yake ndiyo siku ambayo dunia inamkumbuka, na hatuna foto yake akiwa amesimama na Boali mzima. Hapo ndipo ilipoanzia njia ambayo bado inatumika juu yetu: Mwafrika anapigwa foto akiwa kwenye shida, ili mtu wa mbali ahurumie. Wakati mwingine huruma hiyo inasaidia kweli. Ila mtu aliyezoea kupigwa hivo, ukimwinulia kamera, mwili wake unajua la kufanya: unanyamaza, unainamisha macho, unakuwa mhitaji. Wapo watoto wetu ambao wakiona mgeni mwenye kamera wanabadilisha uso papo hapo. Nani aliwafundisha?

Siku kumi za Algeria

Njia ya pili ambayo kamera imetuzoeza ni ya kitambulisho. Hapa nataka kusimulia ya Algeria, maana inafundisha sana.

Mwaka 1960 Algeria ilikuwa vitani ikidai uhuru kutoka kwa Ufaransa. Jeshi la Ufaransa lilikuwa limewatoa wanakijiji kwenye makazi yao na kuwakusanya sehemu moja ili wasiwasaidie wapiganaji. Yaani walikuwa wakimbizi ndani ya nchi yao. Kamanda mmoja akaamuru kila mtu awe na kitambulisho chenye foto. Kazi ile akapewa askari kijana, Marc Garanger. Kwa muda wa siku kumi hivi alipiga karibu wanawake 2,000, mpaka 200 kwa siku. Kila mmoja aliletwa, akakalishwa kwenye kigoda mbele ya ukuta mweupe. Na kamanda aliagiza wavue shela zao. Kwa wanawake wale, kumfunulia uso mwanamume asiye wa familia, tena askari wa adui, kulikuwa kama kuvuliwa nguo hadharani.

Hawakuweza kukataa. Ila Garanger mwenyewe alisema miaka ya baadaye kwamba macho yao yalimpiga kama risasi. Ukiziona foto zile unaelewa. Wanawake wale hawakutabasamu, hawakuomba, walimtazama moja kwa moja kwa hasira. Kitu pekee walichobakiwa nacho ni namna ya kutazama, wakakitumia chote. Garanger alizichapisha kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1982, na mwaka 2004 alirudi Algeria kuwatafuta wale waliokuwa hai.

Sisemi kwamba usajili wetu ni sawa na ule. Hapana. Kwetu foto ya usajili inalinda: inamtambulisha mtu, inamwezesha kupita barabarani. Mwaka 2018 Uganda ilihakiki wakimbizi wote nchini kwa alama za vidole na kwa kupiga picha macho, na wengi walipanga foleni kwa hiari maana walijua faida. Lakini umbo la tukio ni lilelile: kaa hapa, vua kofia, tazama mbele, usicheke, anayefuata! Mtu aliyepita hapo mara tatu, mara nne katika maisha yake, amejifunza kwamba kamera ni ofisi. Kwa hiyo akikaa mbele yako wewe kijana wa kikundi, anakaa kiofisi. Hajakataa kuwa huru, ila hajaambiwa kwamba leo anaruhusiwa.

Behind ya gereza la Bamako

Sasa tugeuke upande mwingine wa historia, ambao shuleni hatukufundishwa.

Seydou Keïta alikuwa mtoto wa seremala wa Bamako, nchini Mali, naye mwenyewe alijifunza useremala. Mwaka 1935 mjomba wake alimletea kamera ndogo ya Kodak kutoka Senegal, akaanza kupiga jamaa na majirani. Mwaka 1948 alifungua studio nyumbani kwao, nyuma ya gereza kuu, si mbali na stesheni ya treni. Watu walishuka kwenye treni wakaenda moja kwa moja kwa Keïta. Jumamosi walipanga foleni. Hii ilikuwa foleni ambayo mtu alilipa ili aingie, kwa sababu alitoka akiwa mzuri kuliko alivyoingia.

Alifanyaje? Kwanza, ukutani alibandika foto alizokwisha kupiga. Mteja anatazama, ananyoosha kidole: nataka kama hii. Kwa hiyo mazungumzo yalianza kwa mteja kuchagua. Pili, alikuwa na vitu vya kuazima: suti za Kizungu, saa, kalamu, redio, pikipiki ya Vespa, hata gari. Karani anachomeka kalamu mfukoni, kijana anaegemea Vespa ambayo si yake, na hakuna anayemwita mwongo, maana alikuwa anaonyesha mtu anayetaka kuwa. Tatu, alipigia uani, kwa mwanga wa jua, na pazia la nyuma la kwanza lilikuwa shuka lake mwenyewe la kitandani. Alilibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, na baadaye mapazia hayo yalimsaidia kukumbuka kila foto ilipigwa lini.

Na hili la mwisho ndilo linanishangaza: kwa kawaida alipiga mara moja tu. Filamu ilikuwa ghali. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa kabla ya kubonyeza. Alimkalisha mteja, akamgeuza bega kidogo, akainua kidevu, akapanga mikono, akatandaza nguo ili maua ya kitambaa yaonekane. Sisi wenye simu tunapiga hamsini na kutafuta moja nzuri baadaye. Keïta alitafuta kwanza, na bila shaka mteja alisikia kwamba anatafutwa.

Mdogo wake katika kazi, Malick Sidibé, alikuwa na studio yake mtaa wa Bagadadji, Bamako hukohuko. Yeye alijulikana kwa utani. Usiku alikwenda kwenye sherehe za vijana, akawapiga wakicheza twist, alfajiri anarudi kusafisha filamu. Picha ndogondogo alizibandika kwenye makaratasi magumu na kuzitundika, vijana wanakuja kujitafuta na kuagiza. Kila mtu alijiona kwanza, kisha akaamua kama anataka. Mwaka 2007 Sidibé alipewa Simba wa Dhahabu huko Venice, mpiga picha wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kupewa heshima ile kwa kazi ya maisha.

Kwetu Kongo alikuwepo Jean Depara. Alizaliwa Angola mwaka 1928, akahamia Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville, na akawa mpiga picha wa mji ule wa muziki na wa usiku. Franco mwenyewe alimchagua awe mpiga picha wake. Ukitazama vijana aliowapiga kwenye baa, wamejiachia kabisa, maana aliyeshika kamera alikuwa mtu wa meza ileile. Na alikuwa mgeni katika nchi, kumbuka. Kuzaliwa nchi nyingine hakukumzuia kuwa mwenyeji wa watu.

Mtoto wa vita mwenye studio

Wa mwisho nimemweka kwa makusudi, kwa sababu ni wetu zaidi. Samuel Fosso alizaliwa Cameroon mwaka 1962 na kulelewa Nigeria, eneo la Waigbo. Alipokuwa mdogo alikuwa na ugonjwa wa kupooza. Amesimulia kwamba kwa desturi yao mtoto alipigwa foto akiwa na miezi michache, lakini yeye hakupigwa kwa sababu ya hali yake. Kisha ikaja vita ya Biafra, 1967 mpaka 1970, watu wakafa kwa njaa kwa mamia ya maelfu. Yeye akapona. Mwaka 1972 mjomba wake akamchukua mpaka Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kufanya kazi ya viatu.

Viatu havikumwingia. Akajifunza picha kwa fundi mmoja, na mwaka 1975, akiwa na miaka 13 tu, akafungua studio yake mwenyewe. Mchana alipiga wateja. Jioni, filamu ikibaki na nafasi chache, hakutaka zipotee. Akabadilisha nguo, akapanga taa na pazia, akajipiga mwenyewe. Baadhi ya foto zile alimtumia bibi yake Nigeria, ajue kwamba mtoto yuko mzima.

Wazia hilo, ndugu msomaji. Mtoto ambaye hakupigwa foto kwa sababu ya ulemavu, ambaye vita ilimfukuza, anajipa mwenyewe foto alizonyimwa. Mwaka 1994 foto zake zilionyeshwa Bamako kwenye maonyesho makubwa ya kwanza ya picha za Afrika, na dunia ikamjua. Nadhani hata wateja wake walifaidika: mpiga picha anayekaa kila jioni upande wa pili wa lenzi anajua kiti kile kina joto gani.

Na vita ilimfuata tena. Februari 2014, wakati wa machafuko Bangui, nyumba yake iliporwa, na negativu za miaka mingi zikatupwa nje barabarani. Waandishi wa habari waliopita waliziona, wakaokota walizoweza. Sisi tunajua maana ya karatasi kutupwa nje. Watu wengi hapa wangetoa chochote kama kungekuwa na mtu aliyepita mbele ya nyumba yao siku ile na kuokota albamu.

Tunavyofanya sisi

Sasa nirudi kwa swali la vijana, kwa nini watu wanakakamaa, na tufanye nini. Haya tunayofanya kwenye kikundi hatukuyabuni, tumeyaokota kwa hao wazee wa kazi.

Tunakaa kwanza. Kamera inabaki kwenye begi. Tunaongea habari za nyumbani, tunakubali maji tukipewa. Tukiitoa, tunampa mwenye nyumba aishike, atazame ndani, ampige mmoja wetu. Mama akishacheka jinsi alivyokukata kichwa kwenye foto, wewe na yeye mko sawa.

Tunauliza, hatupangi. Unataka kupigwa wapi? Na nani? Na kitu gani? Mama mmoja tulimkuta jikoni, mwanga mzuri, sufuria inatoa moshi, vijana wakaona ndiyo picha hiyo. Yeye akasema hapana. Akaingia ndani, akavaa kikwembe kizuri, akatoa cherehani mpaka mlangoni, akakaa nyuma yake, mkono kwenye gurudumu. "Mimi ni mshonaji," akasema. "Kupika kila mtu anapika." Mzee mmoja alitaka kupigwa na daftari tupu na kalamu, maana kule kwao alikuwa mwalimu. Hatukumuuliza daftari lina nini.

Mikono tunaipa kazi. Mtu akikakamaa, angalia mikono yake, ndiyo inayoteseka. Ipe kikombe, Biblia, tasbihi, mtoto, fimbo. Uso utafuata wenyewe. Mwanga tunautafuta kwenye kivuli cha mlango, asubuhi au jioni. Jua la saa sita linamfanya mtu afinye macho, halafu tunasema hakupumzika.

Wasichana na akina mama wanapigwa na wasichana wa kikundi, na ndugu yao akiwepo kama wanataka. Kichwa kilichofunikwa kinabaki kimefunikwa. Mtoto wa mtu hatumpigi bila mzazi.

Na tunakubali hapana. Hili nalisema kwa nguvu, kwa sababu kwetu ni jambo la usalama. Wako watu hapa ambao waliowatesa bado wanawatafuta. Foto moja ikiwekwa kwenye simu, ikatumwa kwenye vikundi viwili vitatu vya WhatsApp, inaweza kufika kule alikotoka. Kwa hiyo tunauliza mara mbili. Mara ya kwanza: tukupige? Mara ya pili, akishaiona: hii ikae wapi, nyumbani kwako tu, au na wengine waione? Akisema ifutwe, inafutwa mbele yake. Mtu anayejua anaweza kusema hapana ndiye anayekaa vizuri akisema ndiyo. Wanawake wa Algeria hawakupewa nafasi hiyo, ndiyo sababu macho yao yanachoma mpaka leo.

Mwisho, foto inarudi. Tunapeleka kusafisha Mbarara tukipata nauli, na inakabidhiwa mkononi kwa mwenyewe. Kijiji kikishaona kwamba foto inarudi, kukakamaa kunapungua hata kabla hatujafika nyumba inayofuata.

Andika nyuma

Liko jambo moja dogo ambalo nataka vijana wa kambi zote walichukue, hata kama mengine watayasahau. Mwaka 1991 foto za Keïta zilionyeshwa New York kwa mara ya kwanza. Keïta alikuwa hai, anaishi Bamako, lakini chini ya foto paliandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Ilibidi watu wasafiri mpaka Mali kumtafuta. Na wengi wa wale waliokaa mbele ya pazia lake, wenye saa na kalamu na Vespa, majina yao hatunayo. Wamebaki sura nzuri zisizo na mtu. Nsala tunamjua kwa sababu moja tu: aliyempiga aliandika jina lake, jina la binti yake, na jina la kijiji.

Kwa hiyo foto ikishatoka, igeuze. Chukua kalamu, mpe mwenyewe aandike, au aseme wewe uandike kama anavyotamka, kwa lugha yake: jina lake, wa wapi, mwana wa nani, amepigwa wapi na tarehe gani. Yule mama wa cherehani aliandika jina lake, la marehemu mama yake, na kijiji chake kule Fizi. Halafu akaongeza neno moja ambalo hatukumwomba: fundi.